Punda Afe Mzigo Ufike: Tafakuri ya Mtafsiri juu ya Mateso Yasiyo ya Lazima

Wahenga walinena kwamba punda afe mzigo ufike. Methali hii niliijua kabla sijajua kuandika jina langu, na kwa miaka mingi niliitumia bila kuitafakari, kama vile mtu atumiavyo kata ya kutekea maji pasi na kujiuliza ni nani aliyeichonga. Nilipojiunga na shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, niliamua kwamba tasnifu yangu ingehusu wanyama katika methali zetu. Nilizikusanya methali za punda, nikaziainisha kwa mujibu wa maudhui na fani, kisha nikahitimisha kwamba punda ni ishara ya uvumilivu, ya ujinga na ya utovu wa shukrani, maanake asante yake, kama tujuavyo sote, ni mateke. Msimamizi wangu aliisoma sura hiyo akanirudishia ikiwa na swali moja tu pambizoni: "Na punda mwenyewe yuko wapi?" Swali hilo sikulielewa. Nililielewa miezi kadhaa baadaye, na walionielewesha hawakuwa wahakiki wa fasihi bali majaji wa Kiingereza waliokwisha kufa zamani.

Ilitokea hivi. Katika kozi ya tafsiri, mhadhiri wetu alitugawia muhtasari wa kesi zilizoamuliwa katika mahakama za Uingereza kuhusu ulinzi wa wanyama, kila mwanafunzi na fungu lake, tuzitafsiri kwa Kiswahili sanifu. Wenzangu walinung'unika. "Mwalimu, sisi si wanasheria," mmoja wetu alilalama, "na wanyama hao wala si wetu." Mhadhiri alimjibu kwa upole kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, imerithi maneno mengi kutoka kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1911. Kwa hivyo maneno tuliyopewa hayakuwa wageni. Yalikuwa wakazi wa humu humu nyumbani, ila hatujawahi kuyaamkua kwa lugha yetu.

Fungu langu lilianzia mwaka 1822. Mwaka huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyopiganiwa na Richard Martin, mbunge wa Galway huko Ayalandi, ya kuharamisha kuwapiga na kuwatesa kikatili farasi, nyumbu, punda, ng'ombe, kondoo na mifugo mingineyo. Adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi pauni 5, na aliyeshindwa kuilipa aliweza kufungwa hadi miezi 3. Martin hakuridhika na kutunga sheria tu. Alijitoma mwenyewe mitaani na sokoni akiwasaka waliokuwa wakiivunja, akiwafikisha mbele ya mahakimu. Mmoja wao alikuwa mchuuzi wa London aliyeitwa Bill Burns, aliyeshtakiwa kwa kumpiga punda wake. Inasimuliwa kwamba ilipoonekana watu wanaichukulia kesi hiyo kama mzaha, Martin alimleta punda mwenyewe mahakamani ili majeraha yake yaonekane na wote. Mchoraji P. Mathews aliuchora mkasa huo mnamo mwaka 1838, punda akiwa amesimama ndani ya ukumbi katikati ya kadamnasi ya watu.

Nilipofika hapo niliiweka kalamu chini. Na punda mwenyewe yuko wapi? Katika sura yangu ya tasnifu, punda alikuwa kila mahali kama ishara, wala hakuwapo popote kama kiumbe. Martin alikuwa amefanya jambo ambalo mimi mwanafasihi sikulifanya: alimleta punda ndani.

Niliendelea kutafsiri, nami nikagundua kwamba historia ya kesi hizi, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya mabishano juu ya maneno. Chukua mfano wa fahali. Sheria ya 1822 ilikuwa na orodha ya wanyama, na ndani ya orodha hiyo fahali hakutajwa kwa jina. Siku hizo ilikuwa ada katika sehemu mbalimbali za Uingereza kumfunga fahali kwenye kigingi na kumfungulia mbwa wamrarue, watu wakitazama na kushangilia. Mwaka 1827 swali lilifika mahakamani: je, fahali yumo katika lile fungu la "mifugo mingineyo"? Mahakama iliamua kwamba hayumo. Sisi ambao wahenga wetu walituusia kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, hatuna budi kustaajabu tusikiapo kuhusu fahali mmoja ambaye hakupata zizi lolote katika sheria. Ilibidi asubiri hadi mwaka 1835, sheria nyingine ilipomtaja waziwazi, pamoja na mbwa na dubu, na kupiga marufuku viwanja vya kuwapiganisha wanyama.

Aidha, kulikuwa na neno lililonikosesha usingizi. Sheria ya 1911 iliwalinda wanyama wa kufugwa na wale waliokamatwa wakawekwa kifungoni. Je, mnyama huwa kifungoni lini? "Mateka" ni neno la vita na "mfungwa" ni neno la gereza. Nilipokuwa nikihangaika na visawe hivi, nilibaini kwamba majaji wenyewe walihangaika vilevile, na hali mimi nilihatarisha alama tu, wao waliamua hatima ya viumbe. Katika kesi ya Steele v Rogers ya mwaka 1912, nyangumi alikuwa amekwama ufuoni, hana uwezo wa kurudi baharini. Mahakama ilisema kwamba hakuwa kifungoni. Katika Rowley v Murphy, uamuzi uliochapishwa mwaka 1964, kulungu dume aliyekuwa akifukuzwa na mbwa wa wawindaji aliishia chini ya gari barabarani. Alivutwa hadi kwenye ua uliokuwa karibu na kuchinjwa. Huyu naye hakuhesabiwa kuwa kifungoni, kwa kuwa kushindwa kutoroka kwa kitambo kidogo si kifungo. Mwaka 1986, katika Hudnott v Campbell, ilikuwa zamu ya kalunguyeye aliyepigwa kwa fimbo. Kalunguyeye, kama tujuavyo, akitishwa hajui kukimbia, bali hujikunja akawa tufe la miiba. Hakukimbia, hakufungwa, na sheria haikumjua. Ilichukua miaka 10 zaidi, hadi mwaka 1996, kwa Bunge kupitisha sheria ya kuwalinda mamalia wa porini dhidi ya kupigwa mateke, kuchomwa moto, kupondwa, kuzamishwa majini na vitenzi vingine vingi ambavyo nilivitafsiri mkono ukinitetemeka.

Hata kitenzi "kuwinda" kilifikishwa kizimbani. Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005 katika Uingereza na Wales, iliharamisha kuwinda mamalia wa porini kwa kutumia mbwa, ila kwa masharti maalumu. Mwaka 2009, katika kesi ya DPP v Wright na nyingine iliyosikilizwa pamoja nayo, Mahakama Kuu iliamua kwamba kumtafuta mnyama ambaye bado hajapatikana hakuhesabiki kuwa ni kuwinda kwa maana ya sheria hiyo. Kwetu sisi, mwindaji huwinda tangu anapoutwaa upinde wake na kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Arudipo mikono mitupu, twasema amewinda asipate. Mwanafunzi wa semantiki atalifurahia suala hili darasani. Mbweha aliye kichakani, nadhani, angependa lijibiwe upesi.

Msomaji makini atakuwa ameng'amua jambo jingine katika mfululizo huu. Sheria ilianza kwa mchuuzi na punda wake mwaka 1822, ikaingia katika viwanja vya burudani vya makabwela mwaka 1835, lakini wale waliowinda mbweha wakiwa juu ya farasi, wenye mashamba na majumba, haikuwafikia hadi mwaka 2005. Jicho la haki, hata linapomwonea huruma mnyama, huanza kumtazama maskini. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu nami, kama nitakavyoeleza, ni wa ukoo wa yule mchuuzi.

Wakati huo, hata hivyo, nilikuwa bado na majivuno. Wanaisimu na waniwie radhi kwa kuingia shambani mwao, lakini niliandika katika daftari langu kwamba Waingereza walihitaji miaka 200 ya kesi kupata kitu ambacho Kiswahili kilikuwa nacho tangu jadi. Lugha yao huweza kumwita mnyama kwa kiwakilishi kile kile wanachokiitia kiti au jiwe. Yetu haifanyi hivyo. Kifaru ana kiambishi cha KI- katika jina lake, lakini hatusemi kifaru kimekufa. Twasema kifaru amekufa. Kinachoharibika kikasemwa kimeharibika ni kifaru cha vita, ambacho hakina damu. Upatanisho wetu wa kisarufi humtoa mnyama katika kundi la vitu na kumweka katika ngeli ya A-WA, pamoja na mtu, mtoto na mwalimu. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayotambua kwamba wanyama wana hisia, nayo ikawajumuisha pweza na jamii ya kaa na kamba. Niliposoma hayo nilitabasamu. Pweza wetu alikuwa "huyu" na "yule" kabla ya Bunge hilo kujengwa.

Tabasamu hilo halikudumu. Ukurasa uliofuata ulikuwa na kesi ya Ford v Wiley ya mwaka 1889.

Mkulima mmoja wa Norfolk aliwakata ng'ombe wake pembe kwa msumeno, karibu kabisa na kichwa, wakiwa na umri ambao ndani ya pembe mna mfupa ulio hai na wenye kuhisi maumivu. Alishtakiwa na ofisa wa chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, kile kilichoanzishwa London mwaka 1824 na kupewa hadhi ya kifalme mwaka 1840. Utetezi wake haukuwa wa kipuuzi. Ng'ombe wasio na pembe hawadungani, huweza kuwekwa wengi pamoja zizini, na huuzwa kwa bei nzuri zaidi. Isitoshe, wakulima wengine wa sehemu hizo walifanya vivyo hivyo, na mahakama za Ayalandi na Uskoti zilikuwa zimekwisha kukubali utetezi wa namna hiyo. Mahakimu walimwachilia. Lakini rufaa ilipofika mbele ya Jaji Mkuu Lord Coleridge na Jaji Hawkins, waliutengua uamuzi huo. Walisema kwamba si kila maumivu ni ukatili, kwa sababu kuna maumivu ambayo mnyama hawezi kuepushwa nayo. Ukatili ni kumtia mateso yasiyo ya lazima. Ili mateso yawe ya lazima, sharti kuwe na lengo la maana, na pia pawe na uwiano kati ya lengo hilo na maumivu yanayotumika kulifikia. Wepesi wa kazi na nyongeza ya bei havikutosha. Wala haikumsaidia mkulima kudai kwamba aliamini kwa dhati kuwa anatenda halali.

Nilitakiwa kutafuta neno moja la kubeba wazo hilo. Kwanza niliandika "mateso ya bure", kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema. Nikalifuta. Kitendo cha bure ni kile kisicho na faida, ilhali mkulima huyu alipata faida, tena ya fedha. Nikaandika "mateso yasiyo na sababu". Nikalifuta pia, kwa kuwa sababu alikuwa nazo tele. Nikajaribu "yasiyohitajika", lakini nikajiuliza: yasiyohitajika na nani? Mkulima aliyahitaji. Mwishowe nililiandika neno "lazima", nikaliangalia, na badala ya Norfolk nikauona mto wa kwetu.

Mwaka 2011 ukame uliikumba sehemu kubwa ya mashariki mwa Kenya. Kwetu Makueni mto ulibaki mchanga mtupu, na maji yalipatikana kwa kuchimba mashimo ndani ya mchanga huo na kungoja yachiririke. Nilikuwa na umri wa miaka 14, darasa la nane. Nyanya, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa na punda mmoja jike. Hatukumpa jina. Alfajiri kabla ya shule, na siku nzima ya Jumamosi, nilimtumia punda huyo kupeleka maji sokoni, nikiuza mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20. Desturi ya pale ilikuwa punda kubeba mitungi minne. Mimi nilimbebesha sita, ile miwili ya ziada nikiifunga juu ya tandiko la magunia. Mitungi sita ni kilo 120, ukiacha uzito wa mitungi yenyewe na wa kamba. Faida ya ile miwili ilikuwa shilingi 40 kwa safari.

Kamba ilimchubua mgongoni. Mchubuko ukawa kidonda, na kidonda kikakataa kupona kwa kuwa kila siku kilifunikwa kwa gunia bichi. Kisha nikagundua jambo. Nikimchapa ubavuni, alitembea kama kawaida yake. Nikimgusa kidondani kwa ncha ya fimbo, alikaza mwendo. Sikumwambia mtu yeyote. Nilijiona mwerevu.

Nyanya alijua. Jioni moja alimfungua tandiko mwenyewe, akasimama akimtazama kwa muda mrefu. "Mjukuu wangu," aliniambia, "punda hana mdomo wa kukushtaki. Ana mgongo tu, na mgongo wake umesema." Akaniagiza nimpumzishe kwa wiki mbili. Nilimuuliza, "Nyanya, na karo ya kidato cha kwanza itatoka wapi?" Hakunijibu. Asubuhi iliyofuata nilimfunga tandiko, naye nyanya akabaki jikoni.

Punda yule alianguka mwezi wa Septemba, kwenye mteremko wa kutokea mtoni. Magoti ya mbele yalitangulia, kisha akalala ubavu, mitungi ikiwa bado imefungwa. Nilimpiga ili ainuke. Nasema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimesoma kesi nyingi mno za watu wengine kuweza kuificha yangu. Hakuinuka. Niliifungua mitungi, nikaazima punda wa jirani, na maji yakafika sokoni siku ile ile. Niliporejea jua likitua, alikuwa amekufa.

Mwaka uliofuata niliingia kidato cha kwanza.

Sasa, wapenzi wa Kiswahili, nilikaa na maneno ya majaji wale wawili kama mshtakiwa anayesomewa mashtaka. Je, lengo lilikuwa la maana? Naam, karo ni lengo la maana. Siwezi kuwadanganya wasomaji wa jarida hili kwamba ningependa nisingesoma. Lakini swali la pili halikuniachilia: je, palikuwa na uwiano? Mitungi minne ingefika pia, labda kwa kuchelewa. Wiki mbili za kupumzika zingenigharimu fedha, si shule. Na fimbo kidondani ilikuwa kwa ajili ya nini ila mwendo? Lengo jema halikuisafisha kila njia niliyoipitia kulifikia. Ni hapo nilipofahamu kwamba neno "lazima" huwa na ladha tofauti kinywani mwa anayepata faida. Mkulima wa Norfolk alilitamka kwa unyofu. Nami nililitamka kwa unyofu. Kinachohitajika ni mtu wa tatu, asiye na chochote cha kupata wala kupoteza, wa kutuuliza: lazima kwa kiasi gani?

Sidai kwamba mahakama za Uingereza zimeuliza swali hilo vyema kila mara. Miaka ya 1980 Peter Roberts, aliyekuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kabla ya kuanzisha shirika la kutetea mifugo mwaka 1967, aliishtaki nyumba moja ya watawa huko Sussex iliyokuwa ikifuga ndama katika vizimba vyembamba. Ndama hao hawakuweza hata kujigeuza, na walilishwa maziwa tu ili nyama yao ibaki nyeupe. Alishindwa mbele ya mahakimu, na rufaa yake, Roberts v Ruggiero, ikashindwa mwaka 1985. Mtu akimtesa ndama mmoja kwa namna isiyo ya kawaida, mahakama humwona mara moja. Mateso yanapokuwa ndiyo mfumo wa biashara yenyewe, macho yake huingia ukungu. Hata hivyo, kesi iliyoshindwa ilikuwa imekwisha kusemwa hadharani. Vizimba vile vilikomeshwa nchini humo mwaka 1990, kwa kanuni badala ya hukumu.

Mizani ya mwaka 1889 nayo haikupotea. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inaitaka mahakama itazame kama mateso yangeweza kuepukwa au kupunguzwa, kama yalikuwa na lengo halali, kama yalilingana na lengo hilo, na kama mtu stadi mwenye utu angetenda vivyo hivyo. Inakwenda mbali zaidi, kwa kumtaka mwenye mnyama ampe makao, chakula na kinga dhidi ya maumivu na maradhi hata kabla mateso hayajatokea. Lile neno la kifungo nalo limepanuliwa, kiasi kwamba mnyama aliye mikononi mwa mtu hata kwa muda tu analindwa. Tangu mwaka 2021 kifungo kwa ukatili mkubwa kimepandishwa kutoka miezi 6 hadi miaka 5. Na Desemba 2024, Mahakama ya Rufani ilisikika katika kesi ya kuku wa nyama wanaokuzwa upesi mno. Shirika la Humane League lilikuwa limedai kwamba serikali inaruhusu ufugaji wa kuku ambao miili yao yenyewe, kwa jinsi walivyozalishwa, ni chanzo cha mateso yao. Rufaa ilikataliwa, lakini majaji walikubali kwamba kanuni husika inakataza kufuga mnyama ambaye maumbile yake ya kurithi hayamruhusu kufugwa bila kudhurika. Mabishano, basi, yamefika hatua ambayo wenzetu wa mwaka 1822 wasingeiota: swali ni kama tandiko lenye kuchubua laweza kushonwa ndani ya mwili wa mnyama kabla hajatotolewa.

Nimekwisha kukiri kwamba nilijivunia ngeli yetu. Bado naipenda, lakini sijivuni tena. Nilimwita punda yule "huyu" kila siku ya maisha yake. Nilisema "huyu ameanguka", sikusema "hiki kimeanguka". Upatanisho wangu wa kisarufi ulikuwa sahihi wakati fimbo ikishuka. Lugha inaweza kumpa kiumbe nafasi miongoni mwa walio hai, na sisi wasemaji tukaipita nafasi hiyo kila uchao bila kuitazama. Waingereza walikuwa na sarufi baridi, lakini alitokea mtu akamwingiza punda mahakamani. Sisi tuna sarufi yenye joto. Kinachobaki ni kuuliza swali kwa lugha hiyo hiyo, sokoni, mtoni na mahakamani, na kwa ajili hiyo maneno ya sheria hayana budi kutafsiriwa yakaeleweka na kijana wa miaka 14 mwenye fimbo mkononi. Kazi hiyo ni yetu sisi tunaosoma Kiswahili. Wanasheria hawawezi kuifanya peke yao.

Likizo ya Agosti nilimtembelea nyanya. Nilimweleza kesi ya Norfolk, nikiichanganya na Kikamba pale Kiswahili changu cha chuoni kilipomchosha. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo aliyekata pembe, waliishia kumwambia nini?"

"Walimwambia kwamba faida yake haikuwa lazima, nyanya."

Alinyamaza kidogo, akiyafagia maganda ya maharagwe kwa kiganja cha mkono. "Hata mimi ningekuambia," alisema. "Niliogopa ungekosa shule."

Nimeiandika upya ile sura ya tasnifu. Methali haikubadilika, wala sina mamlaka ya kuibadilisha. Lakini hapo awali nilikuwa nimeifafanua kama funzo la kujitolea na kutokata tamaa hadi lengo litimie, nikimsahau anayekufa na kumsahau pia anayepokea mzigo. Sasa nimeeleza kwamba msemaji wa methali hii ni mwenye mzigo, kwamba punda hakuulizwa, na kwamba mtafiti anaifahamu kwa kuwa yeye ndiye mzigo uliofika. Msimamizi wangu aliisoma juma lililopita. Safari hii hakuandika swali lolote pambizoni.